Kunde za Majivu

Mimi ni mtu wa wivu. Naandika hivi mapema ili msomaji asije akanipa heshima ambayo baadaye atataka kuninyang'anya. Najua wenzangu wakisimulia maisha yao huanza na babu, wakashuka kwa baba, wakapitia kwa shangazi. Mimi nitawaacha hao wapumzike, maana walikuwa watu wema na hawahusiki na nililolifanya mwaka ule wa Sepuka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nina mikono mizuri na roho yenye kijicho. Siku hizi nina duka la pembejeo Singida Mjini, nyuma ya soko, nauza mbegu, dawa za mifugo na pampu za kupulizia. Mwezi uliopita, mchana wa jua kali, aliingia mwanamke mwenye miwani na ushungi wa kijivu, akasimama mbele ya gunia la kunde, akainama kusoma kikaratasi nilichokibandika juu yake. Alikisoma chote, mpaka chini, ambako hakuna mteja anayefika. Kisha akasema, "Salome, umenisahau?" Sikuwa nimemsahau. Miaka thelathini na zaidi kila alipokuja kwao Mtinko niliambiwa, na kila cheo alichopandishwa kilinifikia na kunikaa kooni kwa wiki nzima. Nilimvutia kiti, nikamfungulia soda, nikamuuliza habari za safari. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, maana mikono yangu haijawahi kunisaliti.

Tulikutana, mimi na Hadija, kwa sababu ya mwanamke tuliyemwita Dokta tu. Alitoka chuo kikuu kule Morogoro, mrefu, mwenye sauti ndogo, akapanga nyumba ya vyumba vitatu Sepuka kwa mama mmoja mjane, Mama Saidi, aliyebaki kuishi kibanda cha uani. Dokta alikuwa akichunguza mizizi ya kunde. Alitaka wasichana wawili waliofaulu baiolojia, akatupata sisi: mimi wa palepale, na Hadija aliyekuja na gari la mizigo kutoka Mtinko, amebeba sanduku la bati na mkeka. Siku ya kwanza kabisa Dokta alituchukua nyuma ya nyumba, akang'oa shina la kunde la Mama Saidi bila hata kuomba, akakung'uta udongo na kutuonyesha vipele vilivyoshikamana na mizizi. Akauliza, hivi ni nini? Nikawahi kujibu, kwa kuwa shuleni aliyewahi ndiye aliyesifiwa. Nikasema ni ugonjwa, Dokta, minyoo ya udongo. Hadija akasema kwa sauti ya chini kwamba kwao bibi yake hutazama vipele hivyo kwanza, na kunde ikiwa navyo vingi basi mwaka unaofuata hupanda uwele palepale, kwa kuwa ardhi imepata nguvu. Dokta akamgeukia mzima mzima. Akapasua kipele kimoja kwa ukucha, ndani kikawa chekundu cha kupauka, rangi ya ufizi, akamwambia Hadija, "Bibi yako ni mwanasayansi." Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo. Tangu dakika ile sikumpenda tena Hadija kwa moyo mmoja, na tulikuwa tumefahamiana kwa saa mbili.

Chumba chetu sisi wawili kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, dirisha la ubao na kuta ambazo hazikufika darini, kwa hiyo kila kilichosemwa chumba cha pili tulikisikia kama tumeambiwa sisi. Hicho cha pili ndicho kilichokuwa maabara. Kilikuwa na meza ndefu, darubini moja iliyofunikwa kwa khanga, chupa za dawa, na pakiti za nyembe mpya tulizokatazwa kuzitumia kwa kitu kingine chochote. Sebuleni tulikula, na pale mezani ndipo nilipojifunza zaidi ya darasani. Nakumbuka mchana mmoja Mama Saidi ametuletea ugali wa uwele na mlenda, Dokta anakula kwa mkono kama sisi, anatueleza kwamba vile vipele, yeye akiviita vinundu, ni nyumba. Ndani yake wanaishi bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huchukua hewa na kuifanya mbolea, na mmea huwalipa kwa kuwapa sukari. Lakini kila seli ya mzizi ina ukuta, akasema, ukuta mgumu, na bakteria hana nguvu ya kuubomoa. Anachofanya ni kupiga hodi. Mmea wenyewe ndio unaolegeza ukuta wake, unaukunja kwenda ndani kama mrija, na mgeni anapita. Ndani ya ukuta huo kuna protini. Nyingine zinaukaza, nyingine zinaulegeza. Yeye kazi yake ilikuwa kujua zile za kukaza zimekaa wapi, na lini zinakubali kupisha. Hadija akaacha kula. Akauliza, "Sasa Dokta, mmea unajuaje yupi wa kumfungulia na yupi wa kumfungia?" Nikadakia kwamba hiyo ni kazi ya Mungu. Dokta alirudisha tonge lake kwenye sahani, akafuta vidole, akaanza kuongea na Hadija kwa muda mrefu, na mimi nikamalizia mlenda peke yangu.

Kitu nilichokuwa nacho mimi ni mkono. Kazi yetu kubwa tuliiita kugonga, kama mtu wa posta anavyogonga muhuri. Unachukua kinundu, unakikata katikati kwa wembe mpya, unakausha uso wake kwa kukigusisha kidogo kwenye karatasi laini, kisha unakibonyeza juu ya utando mweupe mwembamba ambao tuliuita karatasi ingawa haukuwa karatasi. Unahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano bila kupumua, halafu unanyanyua moja kwa moja juu. Ukiyumba kidogo, umeharibu. Ukibonyeza sana, umekamua maji yote na hakuna kitakachosomeka. Ukigonga vizuri, zile protini za ukutani zinahamia kwenye utando na kubaki palepale zilipokuwa, na Dokta akipaka dawa yake ya rangi, picha ya kinundu inatokea, duara ndani ya duara. Mimi niligonga vizuri tangu siku ya pili. Hadija vidole vyake vilitoa jasho, vikatetemeka, na picha zake zilitoka na kivuli, mbili mbili. Nilimfundisha. Nilikuwa mwalimu mzuri sana, mvumilivu, kwa sababu nilipenda kumwona akikosea. Jioni akiwa amejinyoosha kwenye mkeka wake baada ya swala, aliniambia, "Ningekuwa na mikono yako, Salome, nisingeomba kingine." Nikamjibu atazoea tu. Nilijua hatazoea, na nililala vizuri.

Ningeendelea kulala vizuri kama si maongezi niliyoyasikia. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, Hadija ameenda dukani kununua sabuni, mimi nimejilaza nikimsikiliza Mama Saidi akichambua uwele kule sebuleni na Dokta akiandika. Mama Saidi alipenda kututania; tulipokaanga mchanga kwenye nusu ya pipa ili kuua bakteria wote wa shambani na tubaki na wale wa Dokta tu, alikuja na kijiko akauliza kama tayari tumeshatia chumvi. Siku hiyo lakini hakutania. Alisema, "Dokta, ukiondoka hapa hawa wanangu unawaachaje?" Dokta akasema, mmoja ataondoka naye. Maabara ya Morogoro ina nafasi moja, atajifunza kazi, na akifaa watamsomesha mpaka atakapochoka mwenyewe. Mama Saidi akauliza ni yupi. Kisha Dokta akasema, "Kazi inataka mkono, na mkono anao Salome. Sijawahi kuona mkono kama ule. Lakini moyo wangu unamwendea Hadija. Hadija angekuwa na mkono wa Salome, ningeshaamua leo." Mama Saidi akacheka, akasema basi mkate mikono ya yule umshonee huyu. Wakacheka wote wawili. Mimi kule ndani niliuma shuka. Nilisifiwa kuliko nilivyowahi kusifiwa maishani, na sifa ile iliniuma kuliko tusi, kwa sababu ilinifanya kuwa kiungo cha mtu mwingine. Dokta akamalizia kwamba atasubiri aone kila mmoja atakachomwonyesha kwenye awamu ya pili, kila msichana na kunde zake.

Awamu ya pili ilikuwa hivi. Dokta alitaka mbegu za wenyeji, si za dukani, akasema kila mmoja wetu alete za kwao, apande kwenye makopo kumi na mawili ya mchanga uliokaangwa, azitie unga wa bakteria, na baada ya wiki tano achimbe na agonge vinundu vyake mwenyewe. Mimi nilinunua kunde sokoni Sepuka, mpya, zimetoka kupukuchuliwa. Hadija alienda Mtinko kuchukua za bibi yake. Asubuhi Dokta anaondoka kwenda Morogoro, Hadija alikuwa bado hajarudi, kwa hiyo mimi peke yangu ndiye niliyeelezwa namna ya kutumia ule unga mweusi, uliohifadhiwa kwenye chungu kilichofukiwa nusu kwenye mchanga wenye maji. Dokta alikuwa na haraka lakini alinieleza vizuri. Hawa ni viumbe hai, akasema. Jua linawaua. Mbolea ya dukani inawaua. Chokaa, majivu, dawa ya kuhifadhia mbegu, vyote vinawaua, kwa hiyo mbegu ioshwe kwanza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ndipo mnyunyizie maji ya sukari na kuchanganya unga. Akapanda gari, akashusha kioo. "Mwambie mwenzako," akasema. Nikasema, "Ndiyo, Dokta."

Hadija alirudi kesho yake akiwa na kibuyu. Bibi yake alikuwa amezihifadhi kunde kwenye majivu, kama wanawake wote wa kwetu wanavyofanya, kwa kuwa majivu ndiyo yanayomzuia fukusi. Alipomimina, vumbi la kijivu lilipanda akakohoa, akacheka. Zilikuwa kunde nzuri, nene, lakini kila moja imevaa majivu mpaka kwenye kitovu. Nilitegemea atazipepeta tu, na kweli alizipepeta kwenye ungo, majivu ya juu yakaruka, yaliyogandamana yakabaki. Beseni la maji yaliyochemshwa lilikuwa miguuni pangu; nilikuwa nimetoka kuoshea zangu. Nikamuuliza, "Kwenu hamuoshi mbegu?" Akasema bibi haoshi, bibi anaamini mbegu ikilowa kabla ya mvua inajiona imedanganywa. Alisema huku akitabasamu, akiona aibu kidogo kwa ajili ya bibi. Akaniuliza Dokta ameelekeza nini. Nikamwambia: maji ya sukari, halafu unga, halafu panda upesi, usiache juani. Kila neno lilikuwa kweli. Akanyunyiza maji ya sukari na yale majivu yakawa uji wa kijivu, akamwaga unga mweusi juu, akachanganya kwa vidole vyake vyenye jasho, na unga ukashika vizuri sana, kuliko kwangu. "Ona inavyoshika, Salome," akasema. Nikatazama. Nikasema, "Kweli, inashika."

Nimefikiria sana kwa nini hakujua mwenyewe. Alikuwa na akili kunizidi, hilo nalikubali sasa bila kubishana. Nadhani ni kwamba majivu kwake hayakuwa kitu kilichoongezwa kwenye kunde. Tangu anatambaa alizijua mbegu hivyo. Katika daftari lake, nililolifungua asipokuwepo, aliandika kila kitu: tarehe, idadi ya mbegu, jina la bibi, ukubwa wa kibuyu, hata kwamba siku hiyo kulikuwa na upepo. Neno majivu halikuwemo. Ungemuuliza kama mbegu imepakwa chochote angeapa kwamba haijapakwa. Mimi nililijua hilo, nikalifunga daftari na kulirudisha chini ya mto wake.

Wiki mbili za kwanza makopo yetu yalifanana. Ya tatu, majani yake yakaanza kupauka; ya nne yakawa manjano, na yangu yamesimama ya kijani yanapendeza. Mchanga uliokaangwa hauna chakula, kwa hiyo kunde isiyo na wageni wake inakufa njaa polepole mbele ya macho. Hadija aliyahamisha makopo kutoka kivulini kwenda kwenye mwanga, akayarudisha, akayapima kwa rula, akaacha kula vizuri. Wakati huo ndipo nilipokuwa mwema kwake kuliko wakati wowote. Alipokwenda kuswali nilimwagilia ya kwake. Nilimpunguzia kazi ya kuchemsha maji. Mama Saidi aliniona, akaniambia, "Wewe mtoto una roho nzuri." Nilitamani aendelee, kwa kuwa alikuwa anasogea karibu sana na kuniumbua na hakujua. Mara mbili nilianza kumwambia Hadija. Mara ya kwanza nilifungua mdomo na yeye akaanza kunieleza jambo alilokuwa amelifikiria kuhusu ukuta wa mzizi, jambo ambalo mimi singelifikiria hata kwa mwaka, na mdomo wangu ukajifunga. Mara ya pili nilijiambia nimeshachelewa, na hiyo ilikuwa kweli.

Tulichimba siku moja, asubuhi. Mizizi yangu ilijaa vinundu, vinono, ukipasua vyekundu. Yake makopo saba yalikuwa na mizizi mitupu. Matano yaliyobaki yalikuwa na vinundu viwili vitatu kila moja, vidogo kama punje za uwele, ndani vyeupe. Nilimsubiri alie. Hakulia. Alikaa chini kwenye vumbi na mzizi umelala mapajani, akautazama muda mrefu, akasema, "Wamepiga hodi, hawakufunguliwa. Sasa kwa nini?" Alisema kama mtu aliyeokota kitu. Nilimwonea wivu hata pale, Mungu anisamehe. Mimi nilikuwa nimeshinda, na kumbe furaha ya siku ile alikuwa nayo yeye. Kisha akanitazama na macho yakamlegea. Alisema vinundu vyake ni vidogo mno, yeye hata vile vikubwa vinamshinda, akigonga hivi ataviharibu vyote na Dokta hataona kitu. Akaniomba nimgongee mimi. Alinishika mkono, akasema, "Nakuomba, ndugu yangu."

Nilimgongea. Kwa sehemu ilikuwa hatia, na kwa sehemu, nadhani kubwa zaidi, sikuweza kukataa nafasi ya kufanya kitu kigumu mbele yake. Nilifunga dirisha kuzuia upepo. Nilibadilisha wembe kwa kila kinundu. Niliegemeza viwiko mezani, nikashika ile nusu punje kwa ncha ya koleo, nikaigusisha, nikaibonyeza, nikahesabu, nikanyanyua. Kumi na kimoja niligonga mfululizo na hakuna hata kimoja kilichoyumba. Hadija alisimama nyuma yangu akishikilia pumzi pamoja nami. Sijawahi kufanya kazi nzuri vile kabla wala baada ya hapo, na niliifanya kwa mtu niliyekuwa nimemwangamiza, nikiamini kwamba vinundu vilivyokonda vile haviwezi kumshinda mtu mwenye vinundu kama vyangu.

Dokta alipokuja, mimi nilitumwa kuku. Mama Saidi aliagiza jogoo kwa ndugu yake upande wa pili wa kijiji, na jogoo huyo alitukimbiza saa nzima. Niliporudi, nimemshika miguu, nimechafuka vumbi, Dokta alikuwa mezani, ameinama juu ya utando wa Hadija na lenzi mkononi. Wangu ulikuwa pembeni, umefunikwa. Hadija alikuwa amesimama karibu na mlango na hakunitazama. Nikamwamkia Dokta, shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Akasema, "Salome, umeona mizizi ya mwenzako? Ona ukuta ulivyojikaza pembezoni, mzunguko mzima. Nimetafuta kunde inayokataa kwa miaka, na ilikuwa kwenye kibuyu cha bibi." Kesho yake asubuhi, kwenye chai, alitangaza. Alisema maneno mazuri juu yangu pia. Aliniandikia barua ya kunisifu, na barua hiyo ndiyo iliyonipatia kazi kwenye ghala la mbegu mjini, na ghala ndilo lililonizalia duka. Hadija alifunga sanduku lake la bati. Alinikumbatia sana, akalia, akasema ataandika, na hakuandika hata mara moja. Nilimchukia kwa hilo pia, kana kwamba nilikuwa na haki ya barua zake.

Kwa hiyo miaka yote hii niliamini kwamba nilijichimbia shimo mwenyewe. Nilinyamaza ili ashindwe, na kunyamaza kwangu ndiko kulikomtengenezea ile mizizi mitupu iliyompeleka Morogoro, na kutoka Morogoro mpaka nchi za baridi, na kumrudisha na jina refu. Nilikuwa nimejizoesha kulicheka jambo hilo peke yangu dukani, nikihesabu pakiti za mbegu. Ndipo akaja yeye, akakaa kwenye kiti changu, soda mkononi, hajainywa, akaniambia Dokta amefariki. Walimzika wiki chache zilizopita. Katika mazishi watu walisimama kusimulia, na mmoja wao alisimulia jinsi marehemu alivyomgundua Hadija kijijini Singida kwa kuona picha kumi na moja za vinundu vidogo kama uwele zilizogongwa bila dosari, akasema moyoni, huyu ana akili na mkono pia, sihitaji kuangalia tena. "Watu wakanigeukia, Salome," akasema. "Nikainamisha kichwa, wakafikiri ni adabu." Akaweka soda chini. "Siku ile umeenda kuleta kuku aliniuliza, nani amegonga hizi? Nikasema, mimi. Neno moja tu. Nilipofika kule sikuweza kugonga, nikamwambia ni homa. Nilijifunza kwa miezi mingi, nikiharibu vitu vyao, mpaka vidole vikakubali. Kila nilipotaka kukuandikia niliona neno lile. Nafasi ilikuwa yako. Nimekuja uniambie lolote unalotaka kuniambia."

Sikujua. Naapa kwamba mpaka mchana ule sikujua. Nilikaa nikaitazama mikono yangu juu ya kaunta, imezeeka, ina makovu ya kamba za magunia, na nikaona hasira inapanda, hasira safi, ya mtu aliyeonewa, kitu ambacho sijawahi kukimiliki maishani. Ilikuwa tamu. Nilijua kabisa kwamba nikifungua mdomo na kusema yangu, utamu huo utakwisha hapohapo, tutakuwa sawa, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa chini yake lakini kumbe sikutaka kuwa sawa naye. Nilitaka kuwa juu, angalau kwa mchana mmoja. Nikanyoosha mkono, nikamshika begani. "Yamepita hayo, Hadija," nikamwambia. "Nimekusamehe." Alilia mpaka akavua miwani, na mimi nikampa kitambaa cha kaunta, nikamwambia tulikuwa watoto.

Tuliongea baada ya hapo kwa saa nzima, juu ya Mama Saidi, juu ya mchanga wetu wa kukaanga, tukacheka vizuri. Anakaribia kustaafu. Alipoinuka kuondoka alisimama tena mbele ya gunia la kunde, akachota kidogo, akazipitisha kati ya vidole. Akasema kuna jambo moja Dokta ameondoka nalo bila jibu, na yeye ataondoka nalo vilevile. Ile kunde ya bibi haikukataa tena. Waliipanda Morogoro mara nyingi, wakiiosha na kuiandaa kwa uangalifu wote, ikajaa vinundu kama kunde yoyote. Amebadilisha joto, maji, mchanga, bakteria, mwanga. Wanafunzi wake wamejaribu. Ile mizizi ya Sepuka haikupatikana tena. "Wewe ndiye mtu pekee uliyekuwepo," akasema. "Jaribu kukumbuka. Unafikiri ilikuwa nini?"

Nikajifanya nafikiri. Nikasema labda maji ya kile kisima, yalikuwa na chumvi. Akatikisa kichwa kwa upole, kama mwalimu. "Zako zilikunywa maji hayohayo."

"Basi sijui," nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kulizoea jibu hilo, akazirudisha zile kunde kwenye gunia, akaniombea kheri, akatoka kwenda kutafuta gari la Mtinko.